Susu wa Mbumbuni ameshalipa nauli, mpandisheni garimoshi

 

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapokaribia, kila nyumba mjini huwa na kikao. Baba anapiga hesabu ya karo ya Januari. Mama anauliza ni lini mara ya mwisho watoto walimwona nyanya yao. Watoto nao hawataki kusikia habari nyingine isipokuwa bahari. Kikao kinapokwisha, uamuzi huwa ni uleule wa kila mwaka: matatu hadi mashambani, siku kumi za kula maembe, kisha kurudi mjini kwa barabara ileile. Bahari inaahirishwa hadi mwaka ujao, na mwaka ujao huo haufiki.

Leo nataka kuzungumza na wewe ambaye kwenu ni Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni. Ikiwa kwenu ni Tawa, Kikima, Wote au hata ng'ambo ya mto huko Kitui, usiufunge ukurasa, maana maneno haya yanakuhusu vilevile. Nina pendekezo la safari moja itakayowapa watoto nyanya yao, mji wa kale na mji wa kisasa, yote katika likizo moja. Isitoshe, pendekezo langu linamhusu nyanya mwenyewe, huyo ambaye watoto wanamwita susu.

Njia yenyewe ni hii. Kwenda Mbumbuni, pitieni Machakos kama kawaida yenu. Lakini siku ya kuondoka msirudi mlikotoka. Teremkeni Wote, kisha Emali, na hapo mpande garimoshi hadi Mombasa. Kaeni siku mbili au tatu. Halafu pandeni garimoshi tena kutoka Mombasa moja kwa moja hadi Nairobi. Mtakuwa mmeizunguka nchi kwa pembe tatu, na njia pekee mtakayoipita mara mbili ni reli ya kati ya Emali na Mombasa.

Na susu je? Susu aje nanyi. Najua utasema ni mzee, na kwamba nauli yake ni mzigo mwingine juu ya mizigo. Hebu kwanza tuitazame hiyo nauli.

Nauli iliyokwisha kulipwa

Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017. Iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ya fedha hizo, karibu asilimia 90, ilikuwa mkopo kutoka benki ya Exim ya Uchina. Wengi wetu tulibishana sana juu ya bei hiyo, na ubishi huo haujaisha. Lakini kuna jambo ambalo halikuzungumzwa sana sokoni. Tangu mwaka wa 2013 kumekuwa na ada maalumu ya kustawisha reli, ambayo hutozwa bidhaa zinazotoka ng'ambo. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, na tangu hapo imewahi kupandishwa na kushushwa.

Sasa fikiria maisha ya susu pale Mbumbuni. Simu yake ya mkononi ilitoka ng'ambo. Sweta ya mtumba anayojikinga nayo asubuhi ya Julai ilitoka ng'ambo. Taa ya sola inayomwangazia jikoni ilitoka ng'ambo pia. Mwenye duka hakumwambia, na risiti hakupewa, lakini kila mfanyabiashara anayelipa ada bandarini huirudisha ndani ya bei. Kwa hivyo mama huyo ambaye hajawahi kukanyaga behewa amekuwa akiilipia reli kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ameilipia akiwa ameketi chini ya mwembe wake.

Ndiyo maana nasema safari hii si anasa ya watu wa mjini. Ni mtu kwenda kukitazama kitu alichokinunua.

Wajapani nao walikopa

Kabla hatujafika Emali, niruhusu nikupeleke mbali kidogo, huko Japani, kwa sababu wao walitutangulia katika jambo hili na kisa chao kinafanana na chetu kuliko unavyodhani.

Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka wa 1872, kati ya Tokyo na Yokohama, na wahandisi wake walikuwa Waingereza. Ilikuwa reli nyembamba, kama ile waliyotujengea sisi baadaye. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imelemewa, na Wajapani wakaamua kujenga nyingine mpya pana, yenye upana uleule wa reli yetu mpya, yaani milimita 1,435. Mwaka wa 1961 walikopa dola milioni 80 kutoka kwa Benki ya Dunia. Gharama ikapanda karibu maradufu ya ile iliyotangazwa, hata mkuu wa shirika la reli, Shinji Sogo, akaacha kazi mwaka wa 1963 kabla ya kuiona treni yake ikianza safari. Mnamo 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, treni hiyo iitwayo Shinkansen iling'oa nanga kutoka Tokyo hadi Osaka, mwendo wa kilomita 515. Deni la Benki ya Dunia lilimalizika mwaka wa 1981.

Nini kiliisaidia reli hiyo kulipa? Mambo ni mengi, lakini kubwa ni kwamba Wajapani waliipanda. Wafanyabiashara waliipanda, na familia pia. Shule nazo, ambazo tangu zamani zina desturi ya kuwapeleka wanafunzi safari, ziliwapakia watoto na kuwapeleka Kyoto na Nara. Kyoto ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wao tangu mwaka wa 794 hadi 1868, na Nara ilitangulia hata kabla ya hapo. Mtoto anatoka Tokyo asubuhi, mji wa majumba marefu na taa, na baada ya saa mbili na ushei anasimama mbele ya mahekalu ya mbao. Mwalimu hahitaji kueleza sana. Mtoto mwenyewe anaona kwamba nchi yake ina jana na leo, na kwamba hizo mbili zimeunganishwa kwa chuma.

Garimoshi letu halina mbio hizo. Lao leo hufikia kilomita 285 kwa saa, letu la abiria hukimbia kilomita 120. Lakini mji wa kale tunao, mji wa kisasa tunao, na chuma cha kuviunganisha kipo. Kilichobaki ni kuwapandisha watoto.

Wakamba walikuwa reli kabla ya reli

Mkiwa bado Mbumbuni, jioni mkiota moto, mwombe susu awasimulie watoto habari za wazee waliokwenda pwani. Huenda akawataja baba zake waliokwenda kufanya kazi bandarini Kilindini au katika shirika la reli, wakarudi Desemba na blanketi na sukari. Hiyo ni sura ya karibuni tu. Ile ya zamani ni ndefu zaidi.

Katika karne ya 19, kabla chuma hakijalazwa mahali popote katika nchi hii, Wakamba ndio waliokuwa wakiongoza misafara kutoka bara hadi Mombasa. Walibeba pembe za ndovu wakirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alisafiri hadi kwa Kivoi mwaka wa 1849, na akiwa huko Ukambani, Desemba mwaka huo, ndipo alipouona Mlima Kenya na theluji yake. Wazungu wa Ulaya walimcheka waliposikia kwamba kuna theluji katika Ikweta. Wakamba hawakuwa na la kucheka, kwa sababu mlima huo waliujua zamani.

Waambie watoto jambo hili kabla ya safari, wasije wakadhani kwamba njia ya kwenda Mombasa ililetwa na Mwingereza au Mchina. Njia ilikuwapo, na waliyoikanyaga kwa miguu ni babu zao.

Emali hadi baharini

Garimoshi la kusimama kila kituo huondoka Nairobi saa mbili asubuhi na kufika Emali katikati ya asubuhi. Angalieni hilo vizuri, kwa maana yale ya mchana na ya usiku yaendayo moja kwa moja hayatawafaa. Kwa kuwa Mbumbuni hadi Emali ni safari ya magari mawili, ondokeni alfajiri, au afadhali mlale Wote. Stesheni mpya haiko katikati ya soko la Emali, kwa hivyo ongezeni dakika za bodaboda.

Mizigo hukaguliwa kabla ya kuingia, kwa hivyo kisu cha kumenyea maembe kibaki nyumbani. Maembe yenyewe bebeni. Hakuna mwenyeji wa Mombasa atakayewafungia mlango mkimletea maembe ya Makueni.

Mkishaketi, mwombeni susu akae dirishani, upande wa kulia kwa anayeelekea Mombasa. Huko ndiko viliko vilima vya Chyulu, na siku ambayo mawingu yamesogea, Kilimanjaro hujitokeza nyuma yake. Viti vya daraja la kawaida vinaelekeana, jambo ambalo wengine hulilalamikia. Kwa familia ni baraka, kwa sababu ni vigumu kumkwepa mtu mnayetazamana naye kwa saa nne.

Yafaa watoto wajue wanapita wapi. Reli ya kwanza, ile nyembamba, ilianza kulazwa Mombasa mwaka wa 1896 na ikafika Kisumu Desemba 1901. Walioijenga walikuwa hasa vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifariki kwa maradhi, ajali na wanyama. Mtakapopita Makindu dirishani, waambie watoto kwamba hekalu la Kalasinga lililoko pale lilijengwa mwaka wa 1926, na kwamba waanzilishi wake walikuwa Makalasinga wafanyakazi wa reli. Msafiri wa dini yoyote hupewa chakula huko bila kulipishwa. Garimoshi jipya la abiria halisimami Makindu. Mwenye gari anaweza kupitia siku nyingine.

Baada ya Kibwezi mtafika Mtito Andei, jina la Kikamba ambalo susu atawafasiria: msitu wa tai. Kisha inaanza Tsavo. Hapo reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake kumeachwa njia za ndovu kupita. Watoto watagombania kuwa wa kwanza kumwona ndovu, na mara nyingi wataona wekundu, kwa sababu hujipaka vumbi la udongo wa huko. Daraja refu la Mto Tsavo, lenye urefu wa karibu kilomita 2, linapita mahali palepale ambapo mwaka wa 1898 simba wawili waliwala vibarua wa reli na kusimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mhandisi wa daraja, John Patterson, aliwaua Desemba mwaka huo. Yeye alidai waliwala watu 135, lakini wanasayansi waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria, mwaka wa 2009, kwamba walikuwa takriban 35. Ngozi zao zimejazwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini simba wetu wako Chicago? Mwache aulize. Ni swali zuri, na jibu lake ni somo zima la historia.

Mombasa, mji wa kale

Garimoshi hufika mapema alasiri, katika stesheni ya Miritini, nje ya kisiwa. Kutoka hapo mtahitaji matatu kuingia mjini. Msichoke kabla ya kuanza, kwa maana Mombasa yenyewe bado haijaonekana.

Siku ya kwanza nendeni Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na mchoraji wake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na walioko ndani wakavumilia njaa na tauni hadi Desemba 1698, ilipotekwa. Baadaye Waingereza waliifanya jela, na ikabaki jela hadi mwaka wa 1958. Mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Bebeni vitambulisho, kwa maana kiingilio cha mwananchi ni cha chini kuliko cha mgeni.

Hapo ngomeni msiende mbio. Msimamisheni mtoto juu ya ukuta, mwonyesheni bahari, kisha mwulizeni: ikiwa wewe ni mlinzi na hii ni 1696, adui utamwona akitokea wapi? Atajifunza mengi kwa swali hilo kuliko kwa kurasa tano za kitabu.

Kutoka ngomeni ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Fuateni Ndia Kuu, tazameni milango iliyochongwa na roshani za mbao, mfike Msikiti wa Mandhry, ambao ulijengwa karibu mwaka wa 1570 na ungali unaswaliwa. Vaeni nguo za heshima, na kabla ya kumpiga mtu picha mwombeni ruhusa. Mji huu si makumbusho, watu wanaishi humo. Njaa ikiwauma kuna viazi karai, kachri, na mahamri kwa mbaazi, na bei yake haimtishi mtu. Mkifika Bandari ya Kale, mkumbusheni susu kwamba hapa ndipo pembe zilizobebwa na misafara ya Wakamba zilipopakiwa majahazini.

Jioni nendeni Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi kitu kwenye feri. Familia nzima mnaweza kuvuka na kurudi bure, mkaona meli kubwa zikiingia Kilindini. Ndani ya makontena hayo ndimo zinamotoka simu na sola na sweta, na hapo bandarini ndipo ada ya reli inapoanza kutozwa. Mwonyeshe susu kontena moja, umwambie: "Susu, ulianza kulipa hapa."

Bahari yenyewe iko pale pale, na ufuo wa umma haulipishwi. Wala usimwone haya mama wa miaka sabini akiinua leso yake na kutia miguu majini. Amengoja muda mrefu kuliko watoto.

Nairobi, mji uliozaliwa na reli

Siku ya kurudi, garimoshi la kusimama kila kituo huondoka Mombasa saa mbili asubuhi. Susu akichoka anaweza kushuka Emali na mmoja wenu amsindikize. Lakini akiwa na nguvu, mfikisheni Nairobi, maana kisa bado hakijakamilika.

Wengi wetu wa Nairobi hatufikirii mji wetu ulitoka wapi. Mombasa ilikuwapo karne nyingi kabla ya reli. Msafiri Ibn Battuta aliipitia mwaka wa 1331. Nairobi haikuwapo. Palikuwa ni tingatinga na malisho ya Wamaasai, na jina lenyewe ni la Kimaasai lenye maana ya maji baridi. Reli ilifika hapo mwisho wa Mei 1899, wajenzi wakaweka karakana kabla ya kuanza kupanda milima, na karakana hiyo ikawa mji. Wakati huo makao ya serikali ya jimbo la Ukambani yalikuwa Machakos. Reli iliikwepa Machakos, na mwaka huohuo makao yakahamishiwa Nairobi. Miaka michache baadaye Nairobi ikaipokonya hata Mombasa yenyewe hadhi ya kuwa makao makuu ya nchi.

Hili ndilo somo ambalo ningependa kila mwanafunzi alipate katika safari hii. Reli haipiti tu katika miji, huizaa na huidhoofisha. Sultan Hamud, Emali na Voi zilikua kwa sababu garimoshi lilisimama. Machakos ilipungukiwa kwa sababu halikufika. Hata leo, mahali stesheni mpya ilipowekwa, na mahali ilipokosekana, pataamua ni soko gani litakuwa na taa miaka hamsini ijayo. Mbumbuni haina stesheni, lakini ina watu wenye haki ya kuuliza maswali kama hayo.

Mkishuka Nairobi, treni ya mjini huwachukua abiria hadi stesheni ya zamani katikati ya jiji. Karibu nayo kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Hapo watoto watapanda juu ya garimoshi nambari 5918, liitwalo Mount Gelai, moja ya yale makubwa kuliko yote yaliyowahi kukimbia juu ya reli nyembamba ya aina yetu. Lakini wewe wa Makueni tafuta kwanza behewa moja la mbao, dogo tu. Mwaka wa 1900, katika stesheni ya Kima, ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Makueni, ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alikuwa ndani ya behewa hilo akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamtwaa, akatoka naye dirishani. Naam, hapo katikati ya jiji kuna kipande cha historia ya kwenu.

Malizieni juu ya jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka wa 1973, lenye urefu wa mita 105. Juu huko mtaona jiji lote la kisasa: majumba ya vioo, barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022, na kule mbali mstari wa reli ukielekea Mombasa. Siku ya juzi mlisimama juu ya ukuta wa 1593. Leo mko hapa. Muulize mtoto ni kipi kati ya viwili hivyo kitasimama muda mrefu zaidi, na usimjibie.

Hesabu kabla ya kwenda

Sasa tuzungumze kuhusu mfuko, maana najua baba watoto amekunja uso. Tangu Januari 2024, tikiti ya daraja la kawaida kwa safari nzima ya moja kwa moja kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Anayepandia Emali hulipa kiasi cha masafa yake, kwa hivyo ni nafuu. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na wa chini ya hapo hawalipi. Hakikisha nauli kabla ya kununua, kwa sababu hubadilika. Tikiti hununuliwa kwa simu au mtandaoni, na Desemba huisha upesi, kwa hivyo usingoje wiki ya Krismasi. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, na cha susu kisisahauliwe kabatini.

Kinachofilisi familia Mombasa si garimoshi, ni malazi. Kama mna ndugu Changamwe au Mikindani, huu ndio wakati wa kumkumbuka, pamoja na maembe yenu. Kama hamna, fupisheni siku. Siku mbili zilizopangwa vizuri zashinda wiki moja ya kuzurura. Na kama mwaka huu pesa za safari nzima hazipo, anzeni na Makumbusho ya Reli na KICC, Mombasa ije mwakani. Au mwekeeni susu akiba ya shilingi mia mia kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la mwisho: usimwamulie mzee. Mwulize kwa heshima, mweleze safari ni ya saa ngapi, choo kiko ndani ya behewa, na dawa zake mtazibeba nani. Akikataa, amekataa. Akikubali, msimwache nyuma mkiharakia bahari. Yeye ndiye kitabu mlichobeba, na kitabu hakifunguki mkikimbia.

Likizo hupita, na wazee nao hupita. Watoto wako watasahau soda ulizowanunulia mwaka huu. Hawatasahau siku susu wao alipokaa dirishani, akaitazama Tsavo, akawaambia kwamba babu yake aliivuka kwa miguu.

Wahenga walisema tembea uone. Kata tikiti, msomaji wangu, na Jumapili ya leo umpigie susu simu. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.